Kipindi cha Saa Nne

Waraka namba nane wa ofisi kuu ya maktaba unatamka, katika aya yake ya pili, kwamba mtoto mwenye umri wa miezi sita hadi thelathini na sita, akiandaliwa ipasavyo, huketi, hunyamaza, na kusikiliza hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waraka hauelezi huandaliwa kwa kitu gani. Umepigwa mhuri mara mbili, na saini iliyo chini yake ni ya mtu mwenye mkono wa kujiamini.

Nakala moja ya waraka huo ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, katika tawi moja lisilo kubwa wala dogo. Ilibandikwa kwa gundi. Pini zilikuwa zimepigwa marufuku chumbani humo tangu siku ile pini moja ilipotafutwa nusu saa nzima ndani ya kinywa ambacho, mwishowe, hakikuwa nayo.

Aliyeibandika ni mkutubi wa watoto, mwanamke wa miaka hamsini na moja, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kimya. Jina hilo hakulipata kwa watoto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa ukumbi wa kusomea, na juu ya meza yake palisimama kibao kilichoandikwa KIMYA, kibao cha umbo lilelile ambalo ofisi nyingine hutumia kuandikia jina la mwenye meza. Siku moja mwanafunzi mgeni, kijana mwenye adabu zake, alikisoma, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mama Kimya." Ukumbi ulicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na jina likamganda.

Lakini lilimfaa. Alikuwa na uwezo wa kusikia peremende ikimenywa meza ya nne. Hakupaza sauti, aliinua kidole cha shahada, akakiweka midomoni, na mtu mzima na ndevu zake akairudisha peremende mfukoni.

Mkutubi wa watoto aliyemtangulia alipostaafu, mkuu wa tawi alimwita Mama Kimya ofisini.

"Mama, nimefikiri sana," alisema. "Watoto wanahitaji mtu mwenye mamlaka."

Mkuu wa tawi, wakati huo, alikuwa hajaoa.

Kipindi chake cha kwanza Mama Kimya alikipanga kwa namna aliyoijua. Viti vidogo kumi na viwili, safu tatu. Vitabu vitatu, dakika kumi kwa kila kimoja, na dakika tano za maswali. Walikuja watoto tisa pamoja na waliowabeba. Kufikia dakika ya pili safu hazikuwapo. Kufikia dakika ya tatu mtoto mmoja alikuwa amelala chali chini ya meza akijiimbia, wawili walikuwa wakinyang'anyana kiatu ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao, na wa nne alikuwa akimtazama mkutubi kwa huruma. Mama Kimya akafanya kile alichokifanya kwa miaka kumi na tisa: akainua kidole, akakiweka midomoni. Watoto wote tisa wakamgeukia. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakatia vidole vyao midomoni, wakaanza kuvinyonya.

"Lakini walinyamaza, mama," mlinzi wa mlangoni alimfariji baadaye. Yeye ndiye mtunza viatu na vigari vya watoto, kazi ambayo haimo katika mkataba wake.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka vidole vilipokwisha utamu."

Mtu mwingine angeomba kurudishwa ukumbini. Mama Kimya alinunua daftari. Kila ukurasa aliugawa kwa mstari mmoja wa wima, kushoto akaandika *Litakalotokea*, kulia *Lililotokea*. Kwa miezi kadhaa safu hizo mbili hazikufahamiana. Kushoto: watoto watatazama picha ya bata. Kulia: watoto walitazama feni. Kushoto: tutataja rangi tatu. Kulia: feni. Kushoto, kwa herufi za mtu aliyekasirika: feni itazimwa. Kulia: walitazama feni ikisimama, wakalia.

Hapo ndipo alipoanza kupanga kikweli. Aliacha kupigana na feni, akaitengea dakika moja mwanzoni mwa kipindi: wote wanaiangalia, wote wanaipungia mkono, "Habari za asubuhi, feni," na shauri la feni linakwisha. Aligundua kwamba akikaa mgongo wake ukielekea dirishani watoto hawaoni kitabu bali kivuli cha mwanamke, kwa hiyo alihamia ukutani, mwanga ukaangukia kurasa. Viti aliviondoa, akatandika zulia. Vitabu vitatu vikawa viwili, viwili vikawa kimoja, na hicho kimoja akakirudia Jumatano nne mfululizo, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja hana haja ya habari mpya. Anataka kuhakikisha kwamba bata wa juzi bado ni bata. Vichupa vya plastiki alivitia mchele, akavigundisha vifuniko, vikawa vya kutikisa. Pembeni aliweka kapu la vitabu vya kurasa ngumu, na katika orodha ya mali ya maktaba, kwenye nafasi ya "matumizi", akaandika bila aibu: *kutafunwa*. Kila kipindi kikiisha alikaa peke yake na kitambaa chenye sabuni, akivifuta kimoja kimoja.

Muda ulimtoa jasho kuliko yote. Saa tatu asubuhi walifika na njaa. Saa tano walifika wakisinzia, na mtoto aliyekatizwa usingizi hana mjadala. Kati ya njaa na usingizi palikuwa na upenyo mwembamba, nao ulikuwa saa nne kamili hadi saa nne na dakika ishirini na tano. Aliuandika kwenye jalada la daftari na kuupigia mstari mara mbili. Kabla ya hapo, mapema. Baada ya hapo, kila mtu na lake.

Nyumbani daftari lilikuwa na msomaji mmoja zaidi. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao na sanduku moja na maoni mengi, alikuwa amewaogesha nusu ya watoto wa mtaa na hakuona kwa nini jambo hilo liandikwe. Jioni moja alilivuta daftari mezani, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja uliofungwa uzi.

"Hapa umeandika, 'Dakika ya sita: mtoto atacheka.'"

"Ndiyo, mama."

"Mmeagana naye?"

"Ni mpango tu, mama."

"Na dakika ya saba?"

"Ya saba atapiga makofi."

"Akijisikia kulia dakika ya saba?"

"Kulia kuko dakika ya kumi na nane, mapovu ya sabuni yakiisha."

Bibi alivua miwani. "Mwanangu, huyu mumeo nimemzaa mimi. Ana miaka hamsini na mitatu. Mpaka leo sijui dakika ya saba atafanya nini."

"Nipo hapa, lakini," mume alisema kutoka nyuma ya gazeti.

"Unaona? Na hilo sikulitegemea."

Hata hivyo bibi ndiye aliyempa kitu ambacho hakikuwahi kumwangusha. Alimwambia akae vizuri, akaweka mto mapajani mwake badala ya mtoto, mkono mmoja nyuma ya shingo ya mto, akaanza kuurusharusha:

*Twende polepole, njia ni nzuri,*
*twende polepole, njia ni nzuri.*
*Tumefika kwenye mawe: tuku-tuku-tuku-tuku!*
*Tumefika kwenye shimo —*

Hapo akanyamaza. Akasubiri. Akasubiri tena, mpaka mwanawe akashusha gazeti kuona kumetokea nini.

"Puu!" bibi akasema, na mto ukatumbukia kati ya magoti.

"Pale unaponyamaza, ni sekunde ngapi?" Mama Kimya aliuliza, kalamu mkononi.

"Sekunde ndiyo nini? Unamwangalia machoni. Akianza kukucheka kabla hujasema, unasema."

Mama Kimya aliandika: *Subiri. Muda: wao ndio wataamua.* Ulikuwa mstari wa kwanza wa daftari ambao safu ya kulia haikuupinga.

Mwaka wa tatu ulipoingia, safu mbili zilikuwa zikisalimiana. Watoto tisa walikuwa wamekuwa kumi na wanane, wakati mwingine kumi na tisa. Waliosimama dede walishikilia rafu, waliokwenda tata waliwakanyaga waliotambaa, na wote walimjua. Maarufu kuliko wote alikuwa mtoto wa fundi bomba, mwenye mwaka na nusu, aliyeletwa na baba yake akiwa bado na spana mfukoni. Kila akifika alichukua kipande cha ubao, akagonga meza mara tatu, akawaangalia waliohudhuria. Walimwita Mwenyekiti. Inasemekana mkuu wa tawi alijikuta siku moja amesimama wima mtoto huyo alipogonga.

Ndipo ilipokuja barua. Ofisi kuu ilikuwa na masanduku ya majalada ya zamani ambayo hakuna aliyethubutu kuyatupa wala kuyafungua, na ilikuwa inayatafutia vyumba. Mkaguzi angepita matawi yote. Huduma yoyote ambayo isingekidhi waraka namba nane "itaunganishwa na huduma nyingine", maneno ambayo katika lugha ya barua humaanisha kufungwa. Kipindi cha hadithi cha tawi hili kingekaguliwa Jumatano, saa 4:00. Kikishindwa, chumba kingepokea majalada, na mkutubi angerejea kwenye kituo chake cha awali.

Mama Kimya aliisoma barua hiyo amesimama ukumbini, karibu na meza yake ya zamani. Kibao kilikuwa palepale, kimefutwa vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikiogopa.

Mkuu wa tawi aliitisha kikao cha mkakati. Walihudhuria yeye na Mama Kimya.

"Tuchague watoto watulivu," mkuu alisema.

"Kama nani, Mkuu?"

Mkuu alifikiri. "Yule wa wiki iliyopita. Aliyelala kifuani mwa mama yake."

"Alikuwa na homa."

"Basi tuwaambie wazazi wawashibishe kwanza."

"Wakishiba sana wanacheua."

"Tuwaambie basi wa... wazungumze nao. Nyumbani. Wawaeleze umuhimu wa jambo lenyewe."

Mama Kimya alimwangalia. Mkuu wakati huo alikuwa ameshaoa, lakini mtoto alikuwa bado njiani.

"Nitapanga nilivyopanga siku zote," alisema. "Kama ni kufungwa, kifungwe kinachofanya kazi."

Jumatano ile watoto walifika wamevalishwa kama wanaopelekwa kwa mpiga picha. Mkuu wa tawi alivaa suti na kusimama dirishani kuangalia barabara. Saa nne ilifika, mkaguzi hakufika. Saa nne na dakika tano, hakufika. Watu wazima wanaweza kusubiri mgeni. Watoto kumi na tisa wa umri ule hawamjui mgeni wala hawamdai kitu. Mwenyekiti aligonga meza mara tatu. Mama Kimya akaanza.

Feni ilisalimiwa. Wimbo wa majina uliimbwa, kila mtoto akatajwa, na kila aliyetajwa akageuka kumtafuta mwenye jina hilo. Kwenye shimo walisubiri, na kabla ya "puu" chumba kizima kikawa kimeanguka kwa kicheko. Kilipofika kitabu, cha bata aliyepoteza kiatu chake, Mwenyekiti alikitwaa kwenye ukurasa wa nne na kuanza kuzunguka nacho chumbani. Waliojua kutembea wakamfuata. Waliotambaa wakawafuata. Mama Kimya hakumnyang'anya, alifuata mwisho wa msafara, akiinama, akisimulia: "Kiatu kiko chini ya kitanda? Hakipooo! Kiko nyuma ya mlango?" Na sauti ndogo ndogo kutoka mbele, kila moja kwa matamshi yake, zikajibu kwamba hakipo. Wazazi walijibu pia, pamoja na fundi bomba, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka chini ya sinki. Daftari baadaye liliandika kwamba kilikuwa kipindi bora tangu alipoanza.

"Asije sasa," mkuu alikuwa akinong'ona dirishani. "Tafadhali, asije sasa."

Hakuja. Saa tano wote walikuwa wamekwenda, na mkuu, ambaye dua yake ilikuwa imejibiwa, akaanza kuelewa alichokuwa ameomba.

"Asipokuja kabisa tunaandikwa huduma haipo," alisema. Alipiga simu ofisi kuu. Waliomjibu walisema mkaguzi yuko njiani. Saa sita alikuwa njiani. Saa nane alikuwa njiani. Mama Kimya alifuta vitabu vyote vya kapu, kisha akavifuta tena.

Saa kumi kamili gari lilisimama nje. Akashuka mwanaume mrefu mwenye mashine bapa ya kioo kwapani na uso wa mtu aliyepanda ngazi nyingi za ofisi za serikali.

"Natumaini nimewahi," alisema. "Sipendi kuchelewa."

Mkuu alisogea mbele. "Bwana Mkaguzi, kipindi kilikuwa saa nne."

"Ndiyo. Saa nne. Ndiyo hii." Akageuza mashine yake. Kioo kilionyesha 16:00.

"Hiyo ni saa kumi, Bwana Mkaguzi."

"Mashine imesoma barua. Barua inasema nne. Nne ya alfajiri imeona mmefungwa, ikachukua ya jioni."

"Nne ni nne asubuhi!"

"Imeandikwa asubuhi?"

Mkuu aliichukua barua, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma. Haikuandikwa asubuhi. Ofisi kuu ilikuwa imenunua mashine zinazohesabu saa kuanzia usiku wa manane, na zilikuwa zinawatumikia watu wanaohesabu kuanzia kunapokucha. Wote wawili, mkaguzi na mkuu, walikuwa sahihi, na hakuna hali ngumu kuimaliza kama hiyo.

"Kesho asubuhi basi," mkuu alisihi.

"Kesho asubuhi niko tawi jingine, safari ya saa tano kwa gari. Na fomu inajifunga yenyewe leo saa kumi na moja. Isipojazwa, inaandika huduma haipo. Si mimi. Ni yenyewe."

Mlinzi alitumwa barabarani kutafuta mtoto yeyote. Alirudi akihema.

"Nimempata mmoja, amelala mgongoni. Mama yake kasema anayetaka kumwamsha atabaki naye mpaka Ijumaa."

Palikuwa kimya, kimya halisi, kile ambacho Mama Kimya alikuwa amekitunza kwa miaka kumi na tisa. Kisha yeye mwenyewe akazungumza.

"Waraka namba nane, aya ya tano, unasema kipindi kitaendeshwa kwa waliohudhuria, wawe wengi au wachache."

"Ni kweli," mkaguzi alisema. "Nani amehudhuria?"

"Wewe, Bwana Mkaguzi. Viatu tunavivulia pale kwa mlinzi."

Mkaguzi aliangalia saa yake, akaangalia mashine, akaangalia zulia. Alikuwa mtu wa taratibu, na hakuona utaratibu uliokuwa unavunjwa. Alivua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akaketi.

Mama Kimya alikaa ukutani na kufuata mpango, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Waliisalimia feni, mkaguzi aliinua mkono hadi usawa wa bega. Kwenye wimbo wa majina aliimbiwa, "Karibu, karibu, Bwana Mkaguzi amekuja," naye, alipotajwa, akageuka kidogo nyuma kama wenzake wa asubuhi. Kwa ajili ya wimbo wa safari alipewa mwanasesere wa kitambaa. Alimweka mapajani, mkono mmoja nyuma ya shingo yake, bila kuelekezwa.

"Umemshika vizuri."

"Nina wanne," mkaguzi alisema. Alimtazama mwanasesere. "Lakini nilikuwa safarini."

Walikwenda polepole, njia ikiwa nzuri. Walifika kwenye mawe. Walifika kwenye shimo, na Mama Kimya akasubiri kama alivyofundishwa, akimwangalia machoni. Ilichukua muda mrefu kuliko kwa watoto. Mlinzi na mkuu walichungulia kutoka mlangoni. Mwishowe pembe moja ya mdomo wa mkaguzi ikatikisika, naye akasema "puu."

Kisha kitabu cha bata. Mkaguzi alisikiliza. Hakukichukua, hakuzunguka nacho, hakukilamba. Ukurasa wa nne ulipita, ukaja wa tano, na Mama Kimya akahisi wasiwasi ambao hakuutambua mpaka alipofika wa nane: alikuwa ametoka nje ya sehemu anayoifahamu. Kitabu kilipoletwa alikipitia mara moja, miaka mitatu nyuma, na tangu hapo hakuna Jumatano iliyowahi kupita ukurasa wa sita. Akafunua wa tisa. Wa kumi. Akakuta jalada. Ukurasa wa mwisho haukuwapo. Pale ulipokuwa palibaki ukingo wenye alama za meno manne, mawili ya juu na mawili ya chini.

"Halafu?" mkaguzi aliuliza.

"Halafu..."

"Kiatu kilikuwa wapi?"

Fomu ilikuwa na swali: *Je, hadithi ilifika mwisho?* Wote wanne waliokuwa pale walilijua.

Mama Kimya aliangalia ukingo ule. "Bata akatafuta kila mahali," alisema polepole, "mpaka akachoka, akaamua kwenda kulala. Akakaa kitandani kuvua viatu. Akavua cha kwanza." Akanyamaza, akimwangalia machoni. "Akavua na cha pili."

Mkaguzi akacheka, kicheko kifupi chenye kukwaruza, kama mlango wa kabati usiofunguliwa mara kwa mara.

"Nilikuwa namshuku tangu chini ya kitanda," alisema.

Alijaza fomu palepale kwenye zulia, mwanasesere akiwa bado kwenye paja. Je, wahudhuriaji waliketi? Waliketi. Je, palikuwa na kelele? Alifikiri kidogo kuhusu kicheko chake mwenyewe, akaandika hapana. Je, hadithi ilifika mwisho? Ilifika. Idadi ya waliohudhuria: mmoja. Idadi haikuwa na alama, kwani waraka ulihusu ubora. Kwenye *umri wa mhudhuriaji* alisita.

"Inataka miezi," alisema.

"Si uhesabu tu, Bwana Mkaguzi?" mkuu alimwambia.

"Ni mia sita arobaini na nane. Hapa panaingia tarakimu mbili." Alijaribu mara mbili, mashine ilikataa mara mbili. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Akaandika 54, ambao ndio umri wake kwa miaka, akaifunga fomu, akavaa viatu, akaagana nao wote kwa mkono, na kumrudisha mwanasesere kwenye rafu, kichwa kikiwa juu.

Jioni ile Mama Kimya alifungua daftari kuandika kipindi cha pili cha siku. *Litakalotokea*: msikilizaji ataketi, atanyamaza, atasikiliza mpaka mwisho. *Lililotokea*: hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu safu mbili zilifanana neno kwa neno. Alizitazama.

"Mbona kama umefiwa?" mama mkwe alimuuliza. "Si umesema mgeni aliridhika?"

"Aliridhika, mama."

"Sasa?"

"Ilikwenda kama ilivyopangwa."

Bibi alivaa miwani, akasoma ukurasa, akautafuta ule wa asubuhi, ambao safu yake ya kulia ilikuwa imejaa mpaka pembeni, na mishale, na mstari mmoja uliopanda juu kwa kukosa nafasi. Akaligeuza daftari lirudi kwenye ukurasa huo, akamsogezea.

"Lala na huu," alisema.

Barua ilifika mwezi uliofuata, na mkuu wa tawi akaisoma amesimama. Ofisi kuu ilikuwa na furaha kulijulisha tawi kwamba kipindi chake cha hadithi kimepata alama zote kwa kuketi, zote kwa utulivu na zote kwa kumaliza hadithi, jambo lisilotokea katika tawi jingine lolote. Ilidokeza, kwa upole, kwamba mtoto aliyehudhuria alikuwa amezidi umri kwa miezi kumi na minane. Chumba kingebaki kama kilivyo. Majalada yangepelekwa kwingine. Waraka namba nane, barua ilihitimisha, ulikuwa sasa umethibitishwa kwa vitendo.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, walikuja watoto kumi na tisa. Mmoja wao aliketi alipowekwa na hakuondoka tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na miezi saba, na kutambaa alikuwa bado hajaanza.